Wataziona Hizo Sauti?

Mdogo wangu aliniuliza swali hilo tukiwa tumekaa kwenye benchi, nje ya chumba cha kipimo cha MRI. Alikuwa amekwisha kuvua mkanda, saa, na msalaba mdogo wa chuma alioachiwa na marehemu mama yetu, kwa sababu mashine ile ni sumaku kubwa na haitaki chuma karibu yake. Msalaba niliushika mimi. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, wataziona hizo sauti?"

Nikamjibu, "Wataziona."

Nilijibu kwa uhakika wa mtu aliyeuza ng'ombe ili kufika pale. Kumbe sikujua nilichokuwa nakisema. Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa waliomo katika sharika zetu, ili wasipite njia niliyopita mimi.

Mdogo wangu anaugua skizofrenia. Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka 19, kidato cha tano. Barua ilikuja nyumbani kutoka shuleni ikisema kwamba anazungumza peke yake usiku, na kwamba hali chakula kwa kuwa anaamini kimetiwa sumu. Baba alikwenda kumchukua. Leo ana miaka 46. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani mtu mmoja hivi kati ya 300 ana ugonjwa huu, kwa hiyo usharika wenye washarika 600 usishangae ukiwa na wawili. Ila mara nyingi hatuwaoni, kwa sababu Jumapili tunawaacha nyumbani.

Ugonjwa huu una sura mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni ile ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kuamini mambo yasiyokuwepo. Hiyo huwashtua majirani. Ya pili huja polepole na haina kelele. Mtu anapungukiwa na maneno. Uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Anaacha kuoga bila kukumbushwa, anaweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni akiutazama ukuta. Ugonjwa ukiwa sugu, sura hii ya pili ndiyo hukaa nyumbani na familia kila siku.

Nami nakiri mbele za Mungu kwamba hiyo ndiyo iliyonishinda. Sauti niliweza kuziombea. Ukimya ule niliuita uvivu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 31, na nilimsema mdogo wangu kama nilivyowasema wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani. "Mtu mzima, na jembe liko pale!" Yeye alinitazama tu.

Miaka sita iliyopita ukoo ulikaa kikao juu yake. Baba mdogo alisema chanzo ni marehemu baba yetu, aliyekataa kufanya matambiko baada ya kubatizwa; sasa wazee waliolala wanadai haki yao kwa mtoto wake. Binamu zetu waliookoka wakasema hapana, ni mapepo, apelekwe kwenye kambi ya maombi. Walibishana karibu saa mbili. Lakini nikiwasikiliza niligundua kwamba katika jambo moja pande zote mbili zilikuwa kitu kimoja: wote waliamini kwamba tatizo haliko kichwani mwake.

Ndipo nikasimama nikasema, "Nipeni mwezi mmoja. Nitawaletea picha ya ubongo wake, muone wenyewe."

Daktari wa magonjwa ya akili aliyemhudumia alikuwa ameniambia mapema kwamba kipimo hicho hakitumiki kuthibitisha skizofrenia. Hutumika pale daktari anapotaka kuhakikisha hakuna kitu kingine, kama uvimbe au damu iliyovuja ndani ya kichwa. Alisema, "Mwalimu, akipimwa, usitegemee kuuona ugonjwa kwenye picha." Nilisikia nusu ya kwanza ya maneno yake, kwamba anaweza kupimwa. Nusu ya pili niliiacha pale kliniki. Tukauza ng'ombe. Kipimo, nauli na mahali pa kulala vilikula karibu laki sita, fedha ambayo ingetutosha nauli za kliniki na dawa za kununua kwa muda mrefu.

Alilala ndani ya mashine ile karibu nusu saa. Inagonga kama fundi anayepiga bati. Nilikuwa na hofu kwamba, yeye anayesikia sauti hata mahali pa kimya, angetoka mbio. Alitulia. Alipotoka alisema, "Leo wamenyamaza. Kelele za mashine zimewazidi." Nikacheka, naye akacheka kidogo. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Krismasi.

Majibu yalisema hivi kwa kifupi: hakuna uvimbe, hakuna damu, ubongo ni wa kawaida kwa umri wake.

Nilirudi kwenye kikao na bahasha ile kubwa. Baba mdogo aliitoa picha, akaiinua kuelekea dirishani, akaitazama kwa makini kama anayeweza kuisoma. Kisha akauliza waliandika nini. Sikuweza kusema uongo. Akaishusha picha polepole. "Basi. Ubongo ni mzima. Umetuthibitishia wewe mwenyewe, Mwalimu."

Sikuwa na neno. Niliahidi ushahidi, na ushahidi wangu ulikuwa umegeuka. Walipouliza kama nakubali apelekwe kambini, nilitikisa kichwa kukubali. Sitasingizia kwamba nilizidiwa nguvu. Nilikubali.

Alikaa huko wiki tano. Waliomtunza walimwambia kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, wakamnyang'anya vidonge. Sauti ziliporudi kwa nguvu, akaanza kupiga kelele usiku, na usiku walimfunga kamba. Nilipofika kumwona nilikuta vidonda kwenye vifundo vya mikono yote miwili. Amekonda, midomo imepasuka kwa kufunga chakula. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nimeleta sabuni.

Nilimchukua siku ileile. Tukaanza upya kliniki, vidonge na sindano ya kila mwezi, na ilichukua miezi mingi kurudi pale tulipokuwa. Mimi nilibaki na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu ya ile picha. Nikamwuliza daktari, "Kama ugonjwa uko kwenye ubongo, kwa nini mashine ya gharama yote ile haikuuona?"

Alikuwa mvumilivu. Akaniuliza kama nalima mahindi. Nikasema nalima. Akasema, "Chukua mashamba mawili, moja limewekwa mbolea, lingine halikuwekwa. Ukivuna yote, ukapima magunia, utaona tofauti bila shaka yoyote. Sasa nikichukua hindi moja nikakupa mkononi, utaweza kuniambia limetoka shamba gani?" Nikasema siwezi, hata shamba baya lina mahindi mazuri, na shamba zuri lina mahindi madogo. Akasema, "Picha za ubongo ziko hivyo. Tofauti ipo, imepimwa, hakuna anayeibisha. Lakini ni tofauti ya shamba na shamba. Wewe ulikuja na hindi moja."

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza. Binti yangu ni muuguzi, na jioni alinisomea na kunifafanulia. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vyenye maji maangavu. Mwaka 1976 huko London, Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao waliwapiga picha za CT wagonjwa 17 wa skizofrenia sugu, wakakuta vyumba hivyo ni vikubwa kuliko vya watu wasio na ugonjwa. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakidai kwamba ugonjwa huu unatokana na malezi mabaya, na akina mama wengi walikufa wakiubeba mzigo huo. Baadaye ikaja MRI, inayoona vizuri zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa nchi mbalimbali walikusanya picha za wagonjwa 2,028 na za watu wazima wa afya 2,540. Walikuta kwamba kwa wagonjwa, kwa wastani, vyumba vya maji ni vikubwa zaidi, na sehemu kadhaa za ndani ya ubongo ni ndogo zaidi, hasa hipokampasi, ambayo hutusaidia kutunza kumbukumbu. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba tabaka la juu la ubongo ni jembamba zaidi, hasa upande wa mbele na wa pembeni. Upande wa mbele ndio unaotusaidia kupanga jambo na kulianza.

Kulianza jambo! Binti yangu aliposoma hapo nilimwambia anyamaze kidogo. Nilikumbuka jembe, na maneno yangu yote juu ya jembe.

Sitaki kumdanganya msomaji. Tofauti hizo ni ndogo, na hazielezi kila kitu. Watafiti wameona pia kwamba si kila upungufu unaoonekana ni wa ugonjwa wenyewe. Matumizi ya dawa kwa miaka mingi, sigara, pombe na maisha magumu vinaweza kuchangia. Ndiyo maana dawa hupangwa na daktari kwa kipimo kinachotosha, bila kuzidisha. Lakini mtu asichukue neno hili kuwa sababu ya kumwachisha ndugu yake dawa. Mimi nimeona wiki tano bila dawa zinafanya nini.

Tafiti mbili zilinigusa kuliko zote. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1990 nchini Marekani. Walitafutwa mapacha wa kufanana, jozi 15, ambao katika kila jozi mmoja anaugua na mwenzake ni mzima. Katika jozi 12 kati ya hizo 15, mgonjwa aliweza kutambuliwa kwa kuzitazama tu zile nafasi za maji kwenye picha. Lakini ilihitajika picha ya pacha wake kando. Ukimweka mgonjwa peke yake, ubongo wake unaweza kuonekana wa kawaida kabisa, kwa sababu hujui ungekuwaje kama asingeugua.

Nililitafakari hilo kwa siku nyingi. Mdogo wangu hana pacha. Lakini mimi nilikuwa nimemtengenezea. Kwa miaka yote ile nilimweka kando ya kijana mwingine, yule wa kidato cha tano aliyekuwa wa kwanza katika hesabu na aliyepiga kinanda cha kanisa. Nilimwona kijana huyo amekuwa mhandisi, ana mke na watoto. Kila asubuhi nilimlinganisha ndugu yangu aliye hai na ndugu huyo asiyekuwepo, na kila asubuhi aliye hai alishindwa. Ulinganifu ule unafaa kwa watafiti. Ndani ya nyumba ni ukatili. Mungu alinipa ndugu mmoja, na huyo ndiye anayeketi pale ukutani.

Utafiti wa pili ulifanyika London, ukatolewa mwaka 1993. Wanaume 12 wenye skizofrenia walipimwa wakati wanasikia sauti, na wakapimwa tena baadaye sauti zilipokwisha. Ilionekana kwamba wakati wa sauti damu iliongezeka katika sehemu ya ubongo iitwayo eneo la Broca, ambayo ni ya kutengeneza maneno. Yaani wakati mgonjwa anasema "nasikia mtu anaongea", ubongo wake kweli uko katika kazi ya maneno. Hadanganyi wala haigizi.

Nilimwendea mdogo wangu nikamweleza kwa Kiswahili chepesi. Nikamwambia, "Uliniuliza kama wataziona sauti. Nilikujibu vibaya. Mashine yetu ile haikuweza. Lakini wako watu waliowapima wagonjwa wakati wanasikia, na wakaona ubongo unafanya kazi. Sauti hazisemwi na mtu, lakini kusikia kwako ni kweli." Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi si mwongo." Nikamwambia, "Wewe si mwongo. Nisamehe." Akaitikia kwa kichwa, akaomba chai.

Sasa niseme juu ya imani, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwona kipofu wakamwuliza Bwana nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni kikao kilekile cha ukoo wetu. Bwana alikataa majibu yote mawili. Zamani nilidhani nami nimelikataa swali hilo, kwa kuwa sikukubaliana na baba mdogo. Sivyo. Nilitaka picha kwa sababu nililiogopa swali lao. Nilitaka cheti cha kumwosha ndugu yangu, kikionyesha kwamba si yeye wala baba. Bwana hakuhitaji cheti. Alimtendea yule kipofu mema kabla mtu yeyote hajathibitisha kitu.

Tena katika Marko sura ya 5 yuko yule mtu aliyekaa makaburini. Wengi humtumia kuhalalisha yaliyompata mdogo wangu. Naomba wasome tena. Pingu na minyororo vilitumiwa na watu wa pale, kabla Yesu hajafika. Yesu hakumfunga. Alisema naye, akauliza jina. Mwishoni mtu yule anaonekana ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Naye alipotaka kumfuata, Yesu alimwambia arudi nyumbani kwa watu wake. Anayefunga kamba kwa jina la Yesu anafanya kazi ambayo Yesu aliikuta na kuikomesha. Siamini kwamba maombi yanashindana na sindano. Mchungaji wetu huja kumwombea kila mwezi, na huuliza kwanza kama amekwenda kliniki.

Na Kanisa letu lilikwisha kulijua hili zamani. Huku kwetu milima ya Usambara iko hospitali ya Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili. Picha ya kwanza ya CT ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Wale waliotangulia waliwapa wagonjwa kitanda, chakula na kazi ya mikono kwa zaidi ya miaka 60 bila kuona chochote ndani ya vichwa vyao. Hawakungoja picha ili wapende.

Naogopa pia kosa la upande wa pili. Siku hizi wako wasomi wanaosema, basi, ni ubongo tu umeharibika, kana kwamba hapo habari ya mtu imekwisha. Mdogo wangu amezidi ubongo wake. Anawajua kwa majina watoto wote wa Shule ya Jumapili. Akisikia wimbo umeanzishwa juu mno, anatikisa kichwa. Hayo nayo hayakuonekana kwenye picha.

Nilirudi kwenye kikao cha ukoo mara ya pili bila bahasha. Nilieleza habari ya mahindi, na nikaonyesha makovu ya mikono. Nikasema kwamba kosa la kumpeleka kambini ni langu na naliungama mbele yao, na kwamba hataondoka tena nyumbani kwangu. Baba mdogo hakusema kwamba amekubali. Alisema tu, "Hiyo ya mahindi nimeielewa." Binamu mmoja bado hapendi kulizungumza. Lakini tangu hapo nauli ya kliniki inachangwa na nyumba nne, na hiyo kwangu ni neema.

Sauti hazijaisha. Zimepungua, na ziko siku zinarudi. Jumamosi mdogo wangu hufagia kanisa, polepole, na mara nyingine husimama katikati na fagio hadi mtu amkumbushe. Siku hizi namkumbusha bila kumsema. Jumapili hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na msalaba wa mama uko shingoni mwake.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii, mpeleke hospitali, mwombee, mpe dawa zake, msafirishe naye aje ibadani. Kipimo akikiagiza daktari, kifanye. Lakini usiuze ng'ombe ili uthibitishe kwamba ndugu yako anastahili kuhurumiwa. Hilo lilikwisha kuthibitishwa siku alipoumbwa.